Wapangaji wa Nyumba ya Marehemu

Siku waliyohamia, mwanamke wa chumba cha uani ndiye aliyewafundisha kuufungua mlango wa jiko.

"Usiuvute hivyo, dada," alimwambia Rozalia, aliyekuwa anahangaika na kitasa huku beseni la vyombo likiwa kiunoni. "Uinue kwanza, halafu usukume. Fundi aliyeuweka alikuwa mlevi." Akauinua kwa bega, mlango ukafunguka. Kisha akarudi kwenye ndoo yake ya nguo bila kutia hata mguu mmoja ndani.

Silvester, mwenye nyumba, alikuwa amesimama barazani akiwaangalia wabebaji wakishusha kabati. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, aliyevaa koti la ngozi lililombana mabegani. "Msimjali huyo," alisema. "Ni mtu wa kutuangalizia tu. Mwisho wa mwezi anaondoka."

Aroni Kikoti hakutaka kumjali mtu yeyote siku hiyo. Kwa wiki tatu alikuwa amezunguka na dalali kutoka Ilomba hadi Uyole akitafuta nyumba ya kuwatosha watu sita: yeye na mkewe Rozalia, binti yao Happy wa miaka kumi na minne, wadogo wawili wa Happy, na mama yake mzazi, Bertha, ambaye alipooza upande wa kushoto akaletwa kutoka Ilula. Vyumba viwili walivyokuwa wanaishi Ilomba vilikuwa na unyevu ukutani, na baridi ya Mbeya ilikuwa inamwingia mama kifuani. Kila walipokwenda, nyumba za maana zilikuwa laki tatu na nusu. Hii ya Isyesye ilikuwa na vyumba vitatu, sebule, choo cha ndani na geti la chuma, na Silvester alitaka laki mbili tu, ilimradi alipwe miezi sita kwa mkupuo. Aroni hakuuliza kwa nini. Aliuza shamba la nyanya la mama yake, kwa ruhusa ya mama mwenyewe, akalipa.

Bertha alibebwa kwenye kiti na wabebaji wawili. Alipopitishwa uani, alimwona yule mwanamke akikamua nguo, akamsalimia kwa Kihehe, "Kamwene." Mwanamke akainua kichwa, akaitikia hivyo hivyo ingawa yeye alikuwa Mnyakyusa. Bertha akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo uliobaki mzima.

*

Dukani ndiko Rozalia alikopata habari ya kwanza. Alikwenda kununua mafuta ya kula, na mama mwenye duka akamtazama kwanza kabla ya kuchukua chupa.

"Nyie ndo mmeingia kwa marehemu?"

"Marehemu gani?"

Mama mwenye duka akamimina mafuta polepole, akafunika, akarudisha chenji. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakainamia simu zao.

Rozalia alirudi na chupa yake moja kwa moja hadi uani. Mwanamke yule alikuwa ameketi mlangoni kwake akichambua maharage. Chumba chenyewe kilikuwa cha kuhifadhia vitu, hakina hata dirisha. Ndani kulikuwa na godoro, masanduku matatu ya bati yaliyopangana na picha ya harusi iliyogeuzwa uso ukutani.

"Dada, mimi naomba uniambie," alisema Rozalia. "Hii nyumba ni ya nani?"

Mwanamke aliendelea kuchambua. "Naitwa Anjela. Mume wangu aliitwa Timotheo. Alifariki Novemba. Silvester ni mdogo wake, tumbo moja." Alitupa jiwe dogo uani. "Chumba mnacholala ndimo alimofia. Nisamehe kukwambia, lakini umeuliza."

Alisimulia bila machozi, kama mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara nyingi mbele ya watu waliokuwa wanaangalia saa. Baada ya mazishi, ukoo ulikaa kikao ukamteua Silvester kusimamia mali. Silvester alisema fedha zake nyingi ziliishia hospitalini akimuuguza kaka yake, na hilo halikuwa uongo. Alisema nyumba itapangishwa ili deni lake lirudi. Februari walimtolea Anjela vitu uani. Watoto wake wawili akawapeleka kwa dada yake Chimala; yeye akabaki.

"Kwa nini usiende nao?"

"Nikilala nje ya geti hili siku moja, nikirudi nitakuta kufuli jipya. Kanisani siendi. Sokoni siendi. Dukani nakwenda mbio na kurudi mbio. Watoto wangu sijawaona tangu nilipowapandisha basi."

Rozalia alitazama chupa ya mafuta aliyoishika. Alitaka kusema kwamba wao hawakujua, lakini aliona neno hilo halina mahali pa kukaa.

*

Aroni alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, akiwa amevua viatu vyenye vumbi la mbolea. Alikuwa mtunza ghala huko Uyole, mtu wa kuandika magunia yaliyoingia na yaliyotoka.

"Hayo ni mambo ya ukoo wa watu, Mama Happy," alisema. "Sisi ni wapangaji. Tuna mkataba."

"Mkataba na nani? Nyumba si yake."

"Shamba la mama limeshauzwa. Unataka nimrudishe wapi? Kule kwenye unyevu?"

Kutoka chumbani ilisikika sauti ya Anjela ikicheka kidogo. Siku hizo alikuwa ameanza kuingia jioni, Rozalia akiwa na kazi ya cherehani, kumsaidia Happy kumgeuza bibi ili asitoke vidonda. Aliingia kwa mlango wa jiko, akatoka kwa mlango wa jiko, na hakuwahi kuketi kwenye kiti chochote cha nyumba hiyo.

Jumapili Silvester alikuja. Hakubisha hodi. Alikuta watoto wanaangalia katuni, akachukua rimoti akaweka taarifa ya habari, akaketi. Kisha akainuka, akapita kila chumba, hata alipokuwa amelala Bertha, akagongagonga kuta kwa kidole. Alifungua friji akaangalia ndani, akaifunga. Aroni alikuwa anamfuata nyuma nyumbani kwake mwenyewe kama mgeni anayeonyeshwa choo.

"Nyumba mnaitunza," Silvester alisema aliporudi sebuleni. "Sasa kuna kakaratasi kadogo." Alitoa bahasha. "Huyu mwanamke nimemshitaki baraza la kata. Mvamizi. Nataka wapangaji wangu waseme anavyowasumbua."

Aroni alisoma. Karatasi ilisema kwamba yeye, Aroni Kikoti, alipoingia aliikuta nyumba tupu. Kwamba mwanamke aitwaye Anjela aliingia uani baadaye bila idhini. Kwamba alikuwa akiwatukana watoto na aliiba mtungi wa gesi.

"Mzee, hii ya mtungi..."

"Ni lugha ya kisheria tu. Wewe weka saini. Nitakuongezea miezi miwili bure." Silvester aliipunguza sauti yake ya upole. "Ukiona huwezi, si ugomvi. Kifungu cha tisa kinasema mwenye nyumba anaweza kuihitaji nyumba yake wakati wowote. Nitawapa siku saba. Mama mgonjwa hivyo, na mvua hizi."

Rozalia, aliyekuwa amesimama mlangoni na trei ya chai, alisema, "Tutaisoma vizuri kwanza."

"Isomeni," Silvester alisema. Alikunywa chai yake yote.

Siku iliyofuata, mchana, Aroni aliomba ruhusa kazini, akaenda Mwanjelwa kwenye gereji ya Silvester, akaweka saini juu ya boneti ya gari. Hakumwambia mkewe. Usiku huo alimlisha mama yake mwenyewe, kijiko kwa kijiko, na mama akamwuliza kwa ulimi wake mzito kwa nini hamtazami usoni.

*

Juma la pili la Machi, bomba la uani lilikatwa. Anjela akaanza kukinga maji ya mvua. Siku tatu baadaye, saa nne asubuhi, wanaume wawili walikuja na ngazi na nyundo. Hawakumsalimia mtu. Walipanda juu ya chumba chake wakaanza kung'oa mabati.

Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Mbeya, isiyo na haraka, inayoweza kuendelea kutwa. Rozalia alimpigia mumewe simu.

"Usitoke nje," Aroni alisema. Nyuma yake zilisikika kelele za wapakiaji. "Unanisikia? Wewe kaa ndani na watoto."

"Kwa hiyo nimwangalie tu?"

"Kaa ndani, Mama Happy." Simu ikakatika.

Bati la kwanza lilianguka uani kwa kishindo. Chumbani Bertha aliuliza, "Wanafanya nini?"

"Wanaezua chumba cha Mama Anjela, bibi," alisema Happy, aliyekuwa nyumbani kwa sababu ya mafua.

Bertha akageuza kichwa kwenye mto. "Naye yumo ndani?"

Alikuwamo. Alikuwa ameketi juu ya godoro, kanga kichwani, mikono juu ya masanduku yake, mvua ikimnyeshea. Hakuwa analia wala kupiga kelele. Wanaume waliokuwa juu walikwepa kumtazama. Mmoja wao, kijana, alisema "samahani, mama" kila alipong'oa msumari.

Rozalia alitoka. Alivuka uani bila mwavuli, akaingia, akamshika mkono. "Twende ndani."

"Sitaki."

"Utaumwa, Mama Anjela!"

"Nikiingia mle kwa huruma yako, kesho wataandika kwamba nilivunja mlango. Hapa ndipo waliponitupa, na hapa ndipo watakaponikuta." Meno yalikuwa yanagongana. "Rudi kwa wanao, dada. Usijiponze."

Rozalia alirudi, lakini si kukaa. Alitandua turubai lililofunika magunia ya mkaa, akamwita Happy, na wao wawili, mama na binti, wakalitandaza juu ya kuta zile zilizobaki wazi, wakalifunga kwa kamba za kuanikia nguo. Walipomaliza, yule kijana alishuka ngazi na kuwasaidia kukaza fundo la mwisho. Mwenzake alikuwa pembeni anaongea na simu.

Silvester alifika kabla ya adhuhuri. Alisimama barazani, pakavu, akalitazama turubai.

"Mama Happy," alisema kwa upole uleule, "mbona unanirudisha nyuma? Na mume wako tumeshaelewana vizuri."

"Mmeelewana nini?"

Silvester alimtazama kwa mshangao wa kweli, kisha akacheka. "Kumbe hajakwambia. Amesaini. Alhamisi baraza linasikiliza, naye ndiye shahidi wangu."

*

Aroni aliporudi jioni alikuta chakula chake kimefunikwa mezani na mkewe anashona. Cherehani haikusimama.

"Mtungi wa gesi," Rozalia alisema.

Aroni alikaa. Alitafuta maneno, akapata yaleyale: mama, unyevu, siku saba, shamba lililouzwa. Aliyasema yote. Mkewe aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Leo mwanao amepanda ukutani kwenye mvua kufunga turubai," alisema. "Amekuwa mkubwa kuliko wewe leo."

Hawakuzungumza tena mpaka Alhamisi. Nyumba ilikuwa kubwa ya kutosha mtu na mkewe kukwepana, jambo ambalo halikuwezekana kule Ilomba.

*

Anjela alijua kwamba asipokwenda kwenye baraza la kata, madai yatapita bila kujibiwa. Alijua pia kwamba akienda, atatoka nje ya geti. Asubuhi ile alivaa gauni lake jeusi, akasimama uani muda mrefu, kisha akaingia kwa mlango wa jiko hadi chumbani kwa Bertha.

"Mama, nakwenda. Sijui kama nitarudi kuingia."

Bertha alimshika kwa mkono wa kulia, ule wenye nguvu. "Nenda. Mimi nipo."

Happy alibaki nyumbani na bibi yake, wadogo zake wakaenda shule. Aroni, Rozalia na Anjela walitembea hadi ofisi ya kata kwa njia moja wakiwa wameachana hatua kadhaa, kama watu wasiojuana.

Chumba cha baraza kilikuwa na mabenchi manne na meza iliyofunikwa kitambaa cha kijani. Mwenyekiti, mwanamke mzee aliyevaa miwani, alisoma karatasi ya Aroni kwa sauti, neno kwa neno. Watu wa mtaani waliokuja kusikiliza waliguna waliposikia kwamba nyumba ilikuwa tupu. Anjela hakuinua uso. Rozalia alikuwa anamtazama mumewe tu.

"Aroni Kikoti, hii saini ni yako?"

"Ni yangu, mama mwenyekiti."

"Huu mtungi ulioibiwa, uliibiwa lini?"

Aroni alilamba midomo. Silvester alikuwa ameketi mbele yake, mikono imepumzika juu ya tumbo.

"Nakuuliza, baba. Mtungi uko wapi sasa?"

Kisha Aroni, mtu wa ghala, ambaye maisha yake yote alikuwa ameandika kilichopo na kisichopo, alishindwa.

"Uko jikoni," alisema. "Asubuhi tumechemshia chai."

Chumba kizima kikacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na Aroni alikipokea kichwa kikiwa chini, masikio yakimwaka. "Na nyumba haikuwa tupu," aliongeza, karibu asisikike. "Tulimkuta. Alitufungulia mlango."

Silvester hakucheka wala hakukasirika. Alitoa simu, akaandika ujumbe mfupi, akairudisha mfukoni.

Mwenyekiti alivua miwani. "Sisi hapa kazi yetu ni kusuluhisha. Hatuna uwezo wa kumpa mtu nyumba. Tunaandika kwamba usuluhishi umeshindikana. Anayetaka aende Baraza la Ardhi la Wilaya. Mpaka huko waamue, kila mtu abaki pale alipo sasa hivi."

"Nimeelewa, mama," alisema Silvester. "Pale alipo sasa hivi."

Anjela ndiye aliyeelewa kwanza. Aliinuka kabla kikao hakijafungwa, akatoka, akaanza kukimbia na viatu mkononi.

*

Geti lilikuwa limezungushiwa mnyororo. Kufuli lilikuwa jipya, bado lina stika ya dukani. Wale wanaume wawili wa mabati walikuwa wameketi juu ya tofali nje, na kwa ndani Happy alikuwa ameshika nondo za geti kwa mikono yote miwili.

"Mama! Walisema wametupa dakika kumi tutoke. Bibi amekataa!"

"Wamekugusa?"

"Hapana. Walitaka kumbeba, akamng'ata mmoja."

Yule mkubwa alikuwa amefunga leso kwenye mkono. Alimgeukia Aroni. "Bro, sisi hatuna ugomvi. Tunafungua, unamtoa mama yako, unachukua vitu vyako, tunafunga. Huyu mama mwingine haingii. Ndo maagizo."

Simu ya Aroni ikaita. Alikuwa Silvester.

"Umeniaibisha mbele za watu," sauti ya upole ilisema. "Lakini sina kinyongo. Toa mama yako tu, nyumba ibaki tupu, nakurudishia kodi yako yote. Yote, Aroni, hata ya miezi mliyokaa. Nakutumia kwenye simu sasa hivi, ukiwa hapo hapo getini. Kesho unapata nyumba nyingine."

Aroni aliishusha simu. Anjela alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye ukuta, hapumui vizuri. Rozalia alikuwa amesikia kila neno, akasubiri. Fedha ile ilikuwa shamba zima. Ilikuwa nyumba nyingine isiyo na marehemu, isiyo na kesi. Kilichotakiwa ni hatua ishirini kwenda chumbani na ishirini kurudi, mama akiwa mgongoni.

Dirisha la chumba cha Bertha lilitazama getini. Aroni aliita, "Mama!"

"Nakusikia."

"Mama, wanasema tukikutoa..."

"Shamba lilikuwa la nani?" Sauti ilikuwa nzito, imepinda, lakini mtaa mzima uliisikia.

"Lako, mama."

"Basi hapa nimelipia mimi. Sitoki."

Aroni aliirudisha simu sikioni. Alihisi kana kwamba anafungua mkono wake mwenyewe na kudondosha kitu asichoweza kukiokota tena. "Mama hatoki," alisema.

"Utajuta."

"Inawezekana, mzee. Lakini hatoki."

Majirani walikuwa wamejaa. Mama mwenye duka alikuwa amekwenda kumwita mwenyekiti wa mtaa, naye alikuja akiwa bado ana matope ya shambani. Alilitazama kufuli, akamtazama Happy ndani, akawauliza wale wanaume kama wanajua ni kosa gani kumfungia mgonjwa na mtoto, na kama wangependa kuwaeleza polisi wenyewe au yeye awaeleze. Yule kijana hakungoja mwenzake. Alitoa ufunguo mfukoni, akafungua.

Anjela aliingia wa kwanza. Alikwenda hadi chumba kilichoezuliwa, akalitoa godoro lake lililokuwa bado na unyevu, akaliburuta uani, akapita nalo mlango wa mbele, mbele ya watu wote, hadi sebuleni. Akaliweka chini, akalala juu yake na gauni lake jeusi, akalia mpaka watoto wa Rozalia wakaogopa.

*

Walipanga kuishi hivyo. Anjela alichukua chumba kimoja, watoto wake wakaja kutoka Chimala na begi moja la shule. Watu tisa, choo kimoja. Rozalia na Anjela walipika kwa zamu. Ilikuwa siku ya tatu walipokuwa wanaosha vyombo ndipo Anjela aliposema, bila kumtazama:

"Julai miezi yenu ikiisha, dada, itabidi mtafute pengine. Kodi mlimlipa yeye, mimi sikuipata hata shilingi, ila nawaacha mmalize. Lakini Julai siwezi kuivusha. Wanangu wanalala watatu na mimi."

Rozalia alisuuza sahani aliyokuwa nayo, akaisuuza tena. Mahali fulani moyoni alikuwa ametegemea neno jingine. "Sawa," alisema. "Ni haki yako." Na alishangaa kuona kwamba hakuwa na hasira naye, ila uchovu.

Gari la Silvester lilianza kuonekana. Lilipaki ng'ambo ya barabara, siku nyingine asubuhi, siku nyingine saa watoto wanapotoka shule, vioo vimepandishwa. Halikufanya chochote. Happy alianza kuwapitisha wadogo zake njia ya nyuma. Kazini, bosi wa Aroni alimwuliza kama kweli ana kesi, maana kuna mtu alikuja kuulizia.

Wiki mbili kabla ya Pasaka alikuja mpeleka wito, mtu mkavu mwenye baiskeli na mkoba wa plastiki. Alisainisha daftari, akakabidhi karatasi tatu zenye mhuri wa Baraza la Ardhi, akaenda zake. Silvester alikuwa amefungua shauri la uvamizi wa nyumba na hasara ya kodi.

Walikusanyika chumbani kwa Bertha kwa sababu ndimo mlimokuwa na mwanga mzuri. Aroni alisoma. Mjibu maombi wa kwanza, yaani anayeshitakiwa, alikuwa Anjela. Mjibu maombi wa pili alikuwa yeye, Aroni Kikoti. Alipofika karatasi ya tatu, aliishusha.

"Endelea," alisema Bertha.

"Mjibu maombi wa tatu, Bertha Kikoti. Anatakiwa kufika mwenyewe tarehe kumi na nne, saa tatu asubuhi, bila kukosa."

Nje, mlango wa gari ulifungwa, na Rozalia akasogea dirishani akaangalia, akarudisha pazia.

Bertha alikuwa anatazama mguu wake wa kushoto chini ya blanketi, ule usiosikia kitu tangu Ilula.

"Basi siku hiyo," alisema, "mtanibeba."